Kambi za uponyaji za vijana Waaborijini: ardhi inafanya kazi gani hasa?

Ukimweleza ofisa wa ustawi wa jamii kwamba kijana wa miaka 16 anayenusa petroli atapelekwa nyikani akakae na bibi na babu zake mwezi mzima, atauliza daktari yuko wapi na ratiba ya siku ikoje. Wazee wa Kiaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, huanza kwingine. Wao huuliza: nyika hiyo ni ya ukoo gani? Kijana huyu ni nani kwa watu wa pale? Akirudi mjini atapokewa na nani? Maswali ya ofisa yana maana yake na tutayafikia. Lakini programu za kuwarudisha vijana kwenye ardhi ya mababu nchini Australia zimesimama au kuanguka kwa majibu ya maswali ya wazee, kwa hiyo tuanze na hayo.

Kwanza historia, kwa ufupi. Waingereza walipotia nanga Sydney mwaka 1788, bara lile lilikuwa na lugha zaidi ya 250. Kila lugha ilikuwa na ardhi yake, na kila kipande cha ardhi kilikuwa na wenyewe. Katika mengi yaliyofuata, mawili ni ya lazima kwa anayetaka kuzielewa kambi za leo.

La kwanza ni watoto kunyang'anywa wazazi wao. Kati ya mwaka 1910 na 1970 hivi, serikali na misheni ziliwachukua watoto wa Kiaborijini wakalelewe mabwenini na katika familia za Wazungu. Ripoti ya uchunguzi wa kitaifa ya mwaka 1997 ilikadiria kuwa alichukuliwa kati ya mtoto mmoja katika kila kumi na mmoja katika kila watatu. Waziri Mkuu Kevin Rudd aliomba radhi bungeni tarehe 13 Februari 2008. Mtoto aliyekulia bwenini hakumwona mama yake akilea, wala hakufuatana na mjomba wake kujua maji yako wapi. Naye alipozaa, alikuwa na kidogo cha kurithisha.

La pili halisikiki sana nje ya Australia, nalo ndilo lililojaza watu katika miji kama Fitzroy Crossing, eneo la Kimberley, kaskazini-magharibi mwa nchi. Kwa miongo mingi Waaborijini walichunga ng'ombe wa walowezi kwa posho ya unga, chai, sukari na nyama. Ulikuwa unyonyaji, lakini waliufanyiwa wakiwa juu ya ardhi yao wenyewe. Mvua zikianza na kazi zikisimama, walikwenda nyikani kutimiza mila. Mwaka 1966 tume ya usuluhishi wa kazi iliamua walipwe sawa na wafanyakazi Wazungu, na uamuzi ukaanza kutumika Desemba 1968. Wenye ranchi wengi waliona afadhali kuwafukuza kuliko kuwalipa. Familia za lugha mbalimbali zikarundikana kwenye vibanda kando ya mji mdogo, bila kazi, juu ya ardhi ya watu wengine. Vijana wanaopelekwa nyikani leo ni wajukuu na vitukuu vya watu hao.

Hali yao inajulikana. Mwaka 2019 Ros Fogliani, mchunguzi mkuu wa vifo wa jimbo la Western Australia, alitoa ripoti juu ya vifo 13 vya watoto na vijana wa Kimberley wenye umri kati ya miaka 10 na 24, akatoa mapendekezo 42. Karibu wote walikuwa wamejiua. Kitaifa, vijana wa asili ni takriban asilimia 6 ya vijana wote wa miaka 10 hadi 17, lakini usiku wowote ule wao ni zaidi ya nusu ya waliofungwa katika mahabusu za watoto. Nyuma ya takwimu hizi kuna bangi, pombe na petroli, na kuna msiba juu ya msiba. Kijana wa miaka 17 katika eneo hilo anaweza kuwa ameshahudhuria mazishi mengi kuliko mtu wa makamo wa Sydney.

Ardhi yenye wenyewe

Wawarlpiri wa Australia ya Kati huita msingi wa mambo yote Jukurrpa. Wawalmajarri wa kusini mwa Kimberley huita Ngarrangkarni. Ni kazi ya viumbe wa asili waliopita juu ya ardhi wakiumba vilima, visima na wanyama, wakaacha pia sheria, nyimbo na mipaka ya ndoa. Kazi hiyo haikumalizika zamani. Inaendelea, na kila mtu amezaliwa ndani ya kipande chake. Kwa hiyo mlima fulani ni ndugu wa mtu fulani, naye ana wajibu kwake: kuuimbia, kuchoma nyasi zake kwa wakati, kusafisha kisima chake.

Wajibu huo umegawanywa. Kwa Wawarlpiri, mahali pana *kirda*, wenye kupamiliki kwa upande wa baba, na *kurdungurlu*, wasimamizi kwa upande wa mama, ambao huhakikisha kirda wanafanya mambo sawasawa. Hakuna upande unaoweza kufanya mila bila mwingine. Mradi ukipata ruhusa ya kirda peke yao na kuwasahau kurdungurlu, ruhusa hiyo ni nusu, na safari itakwama kwa sababu ambayo hakuna mtu atakayemweleza mgeni waziwazi.

Juu ya hayo kuna mafungu ya ujamaa. Wawarlpiri wana manane, kila moja likiwa na jina la mwanamume linaloanza na J na la mwanamke linaloanza na N: Japaljarri na Napaljarri, Jangala na Nangala, na kadhalika. Ukijua fungu la mtu unajua kama kwako yeye ni baba, dada, mkwe au mtu wa kutaniana naye. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawaongei wala hawakai karibu. Ukiwapakia gari moja lenye viti kumi, umeshaharibu safari kabla ya kuwasha injini.

Namna watu hawa wanavyoifahamu ardhi ilionekana vizuri mwaka 1997, Wawalmajarri na majirani zao walipotakiwa kuthibitisha madai yao ya ardhi katika Jangwa Kuu la Sandy. Kiingereza cha mahakamani kiliwashinda, basi wakachora. Turubai la Ngurrara lina urefu wa mita 10 na upana wa mita 8, na limejaa visima vya kila familia. Mbele ya baraza lililosikiliza madai yao, kila shahidi alisimama juu ya sehemu aliyoichora mwenyewe na kusema kwa lugha yake. Haki yao ilitambuliwa rasmi mwaka 2007. Kijana anayepelekwa kwenye mojawapo ya visima hivyo anaonyeshwa hati ya nyumba yao.

Mfano wa Mount Theo

Yuendumu ni mji wa Wawarlpiri, karibu kilomita 300 kaskazini-magharibi mwa Alice Springs. Mwaka 1994 ulikuwa na vijana wapatao 70 waliokuwa wakinusa petroli. Usiku walivunja magari na maduka, mchana walilala, na baadhi walianza kutembea kwa kuyumba kwa sababu petroli hula sehemu ya ubongo inayoshika mizani ya mwili. Polisi walishindwa, shule ikashindwa.

Wazee waliamua jambo moja: anayenusa atolewe mjini. Mama mmoja mzee na mumewe walijitolea kuwapokea katika makazi yao ya Mount Theo, kwa Kiwarlpiri Purturlu, zaidi ya kilomita 100 ndani ya nyika. Mahali pale ni patakatifu kwa ukoo wa mume, na wenyewe wanasema pana nguvu ya kuponya. Desturi ya huko hukataza kutaja jina la marehemu, wakati mwingine kwa miaka, na msomaji wa mbali hawezi kujua ni nani ametangulia. Ndiyo sababu makala haya hayataji jina la mzee yeyote.

Utaratibu wenyewe ulikuwa mwepesi kuueleza. Familia inakubali, gari linamchukua kijana, anakaa kwa wazee takriban mwezi au zaidi. Anawinda kangaruu na kenge, anachimba viazi vya porini, anakata kuni, anasikiliza masimulizi, analala. Hakuna petroli ya kuiba wala njia ya kurudi kwa miguu. Umbali huo ulikuwa sehemu ya tiba: kilomita 20 zingetembewa usiku mmoja.

Wanaoiga Mount Theo huishia hapo, na hukosea. Nusu ya pili ya kazi ilikuwa Yuendumu kwenyewe. Mji uliobaki bila wanusaji ulijazwa shughuli kila siku hadi usiku: mpira, muziki, disko, safari za karibu. Aliyetoka Mount Theo alirudi kwenye kitu. Mwaka 2003 ikaongezwa programu ya vijana wakubwa, Jaru Pirrjirdi, ambamo waliopona walifundishwa kuendesha shughuli za wadogo zao na kulipwa. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 unusaji ulikuwa umekoma Yuendumu, na mwaka 2007 waanzilishi walitunukiwa nishani ya taifa. Shirika hilo baadaye lilipanuka hadi makazi mengine ya Wawarlpiri: Lajamanu, Nyirrpi na Willowra.

Kuna jambo la haki linalopaswa kusemwa hapa. Kuanzia mwaka 2005 vituo vya mafuta vya jangwani vilianza kuuza Opal, petroli iliyopunguzwa kemikali za kulewesha. Tathmini ya mwaka 2008 katika makazi 20 ilikuta unusaji umeshuka kwa asilimia 70. Kwa hiyo mtu anaweza kuuliza kama kambi zilihitajika. Yuendumu ilishinda kabla ya Opal, na hilo ni jibu tosha kwa Yuendumu. Lakini kwa makazi mengine, kubadilisha mafuta kuliokoa watoto wengi kuliko kambi yoyote. Anayependa kambi hana sababu ya kuogopa kulisema hilo. Opal iliondoa sumu. Haikumwambia kijana yeye ni nani, na bangi ilipoingia kuchukua nafasi ya petroli, swali hilo lilikuwa bado linasubiri.

Yiriman na safari za miguu

Kimberley ni eneo la kilomita za mraba zaidi ya 420,000, karibu nusu ya Tanzania, na mtu wa pwani ya Afrika Mashariki atashangaa kukuta mibuyu huko, jamii ya peke yake, binamu wa mibuyu yetu. Mwaka 2000 wazee wa lugha nne, Wanyikina, Wamangala, Wakarajarri na Wawalmajarri, walianzisha Mradi wa Yiriman chini ya kituo cha sheria na utamaduni cha Kimberley, KALACC, chenye makao Fitzroy Crossing. Walengwa ni vijana wa miaka 15 hadi 25, wavulana na wasichana, wakiwemo wanaotumwa na mahakama na wale ambao familia zimewaona wamenyamaza kupita kawaida. Mwaka 2012 mradi ulishinda tuzo ya kitaifa ya uongozi wa asasi za Waaborijini.

Yiriman hutofautiana na Mount Theo kwa kuwa ni safari. Wazee hutangulia kwa gari hadi kituo cha jioni. Vijana hutembea na watu wazima wenye miguu mizuri, wakipita njia ambayo mababu walipita. Hoja ya wazee ni kwamba hadithi ya mahali haiwezi kukaa kichwani mwa mtu ambaye mguu wake haujafika.

Jinsi safari inavyoandaliwa

Kazi huanza majuma mengi kabla. Wazee huchagua mahali, halafu hukaa na kuuliza ni nani ana haki ya kusema juu ya pale. Orodha ya vijana huja baadaye, kwa sababu mahali ndipo panapoamua ni vijana gani wanafaa kwenda. Kijana hupelekwa kwanza kwenye ardhi ya baba, mama au nyanya yake. Kumpeleka kwenye ardhi ya wengine inawezekana, lakini anakwenda kama mgeni, na atafaidika kama mgeni.

Kundi dogo ni bora. Vijana 12 hadi 15 na watu wazima wasiopungua 8, miongoni mwao wazee wanne au watano, ni kiasi kinachoweza kuangaliwa usiku. Ukipeleka vijana 30 na wazee wawili, umepeleka genge la mjini nyikani, na genge litaendelea na mambo yake huko. Wavulana na wasichana huwa na kambi tofauti, kila moja na wazee wa jinsia yake, kwa kuwa yapo masimulizi na mahali ambavyo upande mmoja haupaswi kuvisikia wala kuvikaribia.

Kisha makaratasi. Mzazi au mlezi wa kisheria atie saini. Kwa mtoto aliye chini ya ulinzi wa serikali, mlezi huyo ni idara, na idara huchelewa. Kijana aliye nje kwa dhamana huwa na masharti: kuripoti polisi siku fulani, kutotoka nyumbani usiku, kutokutana na mshitakiwa mwenzake. Kila sharti litavunjwa na safari. Wakili aombe hakimu ayabadilishe kwa maandishi kabla ya gari kuondoka, la sivyo kijana atakayerudi akiwa mwema kuliko alivyoondoka atakamatwa stendi.

Afya ndipo maswali ya ofisa yanapopata nafasi yake, na hapa uzembe huua. Kijana anayekunywa pombe kila siku asikatishwe nyikani: degedege za kuacha pombe huja kati ya saa 6 na 48 baada ya kinywaji cha mwisho, hivyo apitie hospitali kwanza. Anayeacha bangi hataumia hivyo, lakini juma la kwanza atakuwa mkali, hatalala vizuri, hatakula. Wasaidizi wajue kuwa hasira ya siku ya tatu ni mwili unaodai, wasimrudishe mjini kwa utovu wa adabu. Kijana ambaye ametoka kunusa petroli asikimbizwe wala kushtuliwa, kwa sababu mvuke ule huufanya moyo uwe mwepesi kupoteza mapigo, na mbio za ghafla zinaweza kuusimamisha. Mkaribie polepole, mwite kwa sauti ya chini, mtume ndugu yake. Aliyewahi kujaribu kujiua asiachwe peke yake hata anapokwenda kuchota maji, na bunduki za kuwindia, visu na kamba viwe na mtu mmoja anayejulikana kuvishika.

Wazee nao ni wagonjwa. Kisukari na figo ni janga katika makazi haya, na wengi husafishwa damu mara tatu kwa juma, saa nne au tano kila mara. Mzee wa namna hiyo hawezi kuwa mbali zaidi ya siku mbili tatu. Wapintupi, watu wa jangwa la magharibi, walilitatua kwa njia yao: mwaka 2000 waliuza michoro kwenye mnada mjini Sydney, wakapata zaidi ya dola milioni moja, wakaanzisha huduma ya kusafisha damu katika makazi ya mbali, leo huduma hiyo inajulikana kama Purple House na ina lori lenye mashine ndani. Pasipo huduma ya namna hiyo, panga safari mbili fupi, au kambi iwe mahali ambapo mzee anaweza kurudishwa kliniki na kuletwa tena. Programu inayohesabu vijana tu na kusahau figo za wazee itajikuta nyikani bila walimu.

Vifaa havina siri. Lita 10 za maji kwa kila mtu kwa siku, za kunywa, kupikia na kunawa, katika madumu ya lita 20 yaliyogawanywa kwenye magari yote, ili gari moja likizama mchangani maji yasizame nalo. Magari mawili kwa uchache, yote ya dizeli. Kila moja liwe na matairi mawili ya akiba, maana visiki vya vichaka vya jangwani hutoboa pancha bila huruma. Simu ya setilaiti, pamoja na mtu mjini anayesubiri kupigiwa saa ile ile kila jioni na anayejua la kufanya asipopigiwa. Mablanketi ya kutosha: usiku wa Julai jangwani ni baridi kali. Msimu wa kwenda ni Mei hadi Septemba. Kuanzia Novemba joto na mvua hufunga barabara. Januari 2023 mto Fitzroy ulifurika kuliko ilivyowahi kurekodiwa ukavunja daraja kuu la Fitzroy Crossing.

Siku ya kufika ina utaratibu wake. Hakuna anayeshuka na kukimbilia majini. Mzee huita kwanza, kwa lugha ya mahali, akitaja amewaleta nani na ni wa nani. Katika sehemu nyingi za Kimberley mgeni husugua jiwe kwapani na kulitupa majini ili maji yajue harufu yake. Kwenye visima vya jangwani, *jila*, ambamo nyoka wa maji anaishi, hupakwa tope. Kijana aliyezoea kuitwa mkorofi na kila mwalimu husikia, pengine kwa mara ya kwanza, akitambulishwa kwa kitu kikubwa kama mtu anayestahili kupokewa. Ukinitaka nionyeshe tiba iko wapi katika safari nzima, nitaonyesha dakika hizo chache.

Siku zinazofuata ni kazi. Asubuhi kuwinda au kuvua, kuchimba, kukusanya kuni. Mwendo wa kilomita 10 hadi 15 unatosha. Mchana wa joto kukaa kivulini kuchonga mabuyu na boomerang, fimbo za kurusha, ambazo baadaye huuzwa. Mkate wa unga hupikwa majivuni, mkia wa kangaruu hufukiwa kwenye makaa. Mazungumzo mazito hayapangwi saa nne asubuhi kwenye duara la viti. Huja jioni, mikono ikiwa na kazi na macho yakitazama moto, na mara nyingi huanza na mzee akisimulia kufukuzwa kwenye ranchi. Kijana anayesikia hayo hujua kwamba ghadhabu aliyo nayo ina historia, na haikuanzia kwake.

Yanayoharibu

Msiba huvunja ratiba zote. Mtu akifariki, familia nzima huingia katika maombolezo. Safari inaahirishwa, na yeyote anayesisitiza iendelee kwa sababu magari yameshakodiwa amejitoa katika jamii hiyo. Weka kwenye bajeti safari moja itakayovunjika.

Ugomvi wa koo husafiri ndani ya gari. Waulize mama zao, si ofisi, ni nani hawapaswi kulala kambi moja.

Kukosa kadi huwazuia wazee. Sheria inamtaka kila anayefanya kazi na watoto awe na kibali. Katika eneo la Northern Territory huitwa kadi ya Ochre. Mzee asiye na cheti cha kuzaliwa, au aliyefungwa kwa ulevi miaka arobaini iliyopita, hukataliwa au husubiri miezi. Sheria ni njema na watoto wanahitaji kulindwa, kwa hiyo anza kuombea vibali mapema, na uwe na mtu wa kumwandikia mzee maelezo na kumsindikiza.

Kuna kosa la kuchanganya kambi na adhabu. Jimbo la Queensland lilianzisha mwaka 2013 kambi za nidhamu kwa vijana wahalifu. Serikali iliyofuata ilizifunga mwaka 2015. Gwaride na kelele hufanya kazi kinyume kabisa na kinachoelezwa hapa: kijana huvuliwa jina, wakati anahitaji kupewa. Kuna pia kosa la upande wa pili, la kambi kuwa matembezi, yenye picha nzuri na wazee walioalikwa saa moja kucheza ngoma. Na lipo la kutaka kugeuza jando kuwa programu. Jando la jangwani hufanyika kwa wakati wake, kwa siri yake, chini ya wenye mamlaka. Kambi huandaa njia, haichukui nafasi yake, na kamera isilikaribie.

Lakini linaloharibu kuliko yote ni fedha za mwaka mmoja mmoja. Mwaka wa fedha wa Australia huanza tarehe 1 Julai. Ruzuku ikitangazwa Agosti na kulipwa Oktoba, msimu wa kiangazi umekwisha. Meneja analazimika kupeleka watoto kwenye joto la nyuzi 40 au kurudisha fedha. Mwaka 2014 serikali ilikusanya programu zaidi ya 150 za Waaborijini katika mafungu matano na kupunguza dola milioni 534 kwa miaka mitano. Asasi nyingi ndogo zilijikuta zikishindana na mashirika makubwa yenye waandishi wa maombi. Kijana aliyeahidiwa safari ya pili na asiione amejifunza tena kile alichokuwa anakijua kuhusu watu wazima.

Ushahidi na namna ya kuupima

Wanaotaka jaribio la kitabibu lenye kundi la kulinganisha hawatalipata kwa urahisi: idadi ni ndogo, na hakuna mzee atakayekubali kura imchague mjukuu wa kubaki. Dave Palmer wa Chuo Kikuu cha Murdoch alifuatana na Yiriman kwa muda mrefu akarekodi mabadiliko ya vijana mmoja mmoja, na hiyo ni njia ya heshima. Ushahidi wa idadi kubwa umetoka Kanada. Mwaka 1998 Michael Chandler na Christopher Lalonde walichunguza jamii 196 za wenyeji wa asili wa British Columbia. Zaidi ya nusu hazikuwa na kijana hata mmoja aliyejiua katika miaka mitano waliyoichunguza, wakati chache zilikuwa na viwango vya kutisha. Waliangalia mambo sita, yakiwemo madai ya ardhi, kujitawala, shule na huduma za afya mikononi mwa jamii, na majengo ya utamaduni. Kadiri jamii ilivyokuwa nayo mengi, ndivyo vifo vilivyopungua. Utafiti huo haukupima kambi. Ulipima kama jamii ina mamlaka juu ya maisha yake, jambo ambalo kambi hulionyesha kwa udogo: ni wazee wanaoamua.

Kwa hiyo anayepima afuate vitu vinavyohesabika bila kuwasumbua watu. Je, kijana aliomba kurudi? Siku zake za mahabusu katika miezi 12 baada ya safari ni ngapi, zikilinganishwa na 12 kabla? Anaweza kutaja mahali pangapi pa ardhi yake, na kwa lugha gani? Nani alimtembelea katika juma la kwanza baada ya kurudi? Juma hilo ndilo la hatari: ametoka penye utulivu, ameingia nyumba yenye watu 15, simu imewashwa. Programu nzuri humpangia mtu wa kumfuata siku ya pili, mwisho wa juma la kwanza, na mwezi wa kwanza, tena mtu aliyekuwa naye kambini.

Baada ya hapo inapaswa kuwepo kazi. Tangu mwaka 2007 serikali ya shirikisho hulipa mishahara ya walinzi wa ardhi wa Kiaborijini, wanaochoma nyasi mapema katika kiangazi ili moto mkubwa wa mwisho wa msimu ukose kuni, wanaoua magugu, wanaolinda visima na michoro ya mapangoni. Katika nyika za kaskazini kazi ya moto huzalisha pia hati za kaboni, yaani uthibitisho wa hewa ya ukaa iliyozuiwa, zinazouzwa kwa makampuni. Kijana aliyejifunza kambini majina ya visima na wakati wa kuchoma ana ujuzi unaolipwa, na mzee aliyemfundisha ana hoja ya kudai naye alipwe kama mwalimu, kwa kiwango cha mtaalamu. Katika bajeti nyingi mstari huo bado huandikwa "chakula cha wazee".

Kwa wasomaji wetu waishio Australia, hasa walio katika uuguzi na kazi za vijana, ambao huombwa kujiunga na safari hizi: uliza umewekwa fungu gani la ujamaa, maana utapewa, uliza usikae na nani, beba dawa na shajara ya afya, na ukifika kwenye maji, subiri kuitwa.